Vitabu 46 vya ziada Darasa la II, na watoto wa darasa lenyewe hawamo. Tuanze na lipi?

ChakiNyeupe

Mbukwenyi wakuu. Naomba msaada wa wanaovijua vitabu vya watoto.

Ni Darasa la II, shule ya serikali wilayani Chemba, wanafunzi 80. Warangi na Wasandawe ndio wengi, wapo Wagogo, Waburunge na watoto wa wafugaji wa Kibarbaig. Wawili wana ualbino, mmoja haoni, mmoja ni kiziwi. Vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vinafika, hoja yangu si hiyo. Hoja ni vya ziada. Vipo 46, na ukivifungua unakutana na minazi, ngalawa, ghorofa na baba anayekwenda ofisini na mkoba. Tembe hakuna, mlenda hakuna. Mfugaji yupo mara moja tu, kachorwa akishangaa taa za barabarani. Mwenye ulemavu yupo mmoja, anaomba sokoni.

Kuna pia katoni mbili za vitabu vya msaada kutoka Uingereza, bado hazijagawiwa.

Kilichopo mkononi ni rimu nne za A4, printa ya nyeusi na nyeupe ofisini kwa mwalimu mkuu, na kamati ya shule iliyo tayari kuchangia kidogo. Tununue, tuchape vya bure vya mtandaoni, au tuandike wenyewe? Na yule mtoto asiyeona anaingiaje humo?

MkutubiMakulu

Mwalimu, kabla ya kununua hata kimoja, vihesabu hivyo 46. Chukua karatasi ya mistari, kila kitabu kipate mstari wake. Andika mhusika mkuu ni nani (wa kike, wa kiume au mnyama), hadithi inatokea wapi, watu wake wanaishi kwa kazi gani, kama yupo mwenye ulemavu, na mwisho nani anayetatua tatizo. Walimu wawili wanaimaliza kazi hiyo kwa mchana mmoja. Fanyeni wawili, kwa sababu mtu akiwa peke yake hupitisha mengi aliyokwisha kuyazoea.

Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayofichua. Kitabu kinaweza kuwa na msichana kwenye jalada, lakini mbuzi aliyepotea anapatikana na kaka yake huku yeye akilia chini ya mti. Kwa mwenye ulemavu kuna kipimo kingine: uondoe ulemavu wake kwenye hadithi uone kinachobaki. Hadithi ikibomoka kwa sababu yote ilihusu kuhurumiwa kwake au kuponywa kwake, basi aliwekwa humo awe funzo kwa wengine. Tunachotafuta ni msichana mwenye magongo anayebishana na mdogo wake nani kamaliza karanga.

Minazi na ngalawa usivitoe. Mwaka 1990 profesa wa Marekani, Rudine Sims Bishop, alivifananisha vitabu vya watoto na vioo, madirisha na milango ya vioo: kimoja mtoto anajiona mwenyewe, kingine anamwona jirani, kingine anavuka na kuingia kwa huyo jirani. Mtoto wa Chemba ana haki ya kuiona bahari kama wa Pangani alivyo na haki ya kuiona tembe. Ubaya wa kisanduku chako ni kwamba kina madirisha tu, kioo hata kimoja hakuna. Mimi ningelenga theluthi moja iwe vioo, yaani vitabu kama 15 kati ya 46, na hapo tofauti itaonekana darasani.

Kile cha mfugaji anayeshangaa taa kitoe Darasa la II. Mtoto wa miaka saba akisoma peke yake hana wa kumsaidia kuipinga ile picha. Kipeleke Darasa la VI, wakijadili na mwalimu kwa nini mchoraji alimchora hivyo.

LejaNaMuhuri

Naingia kwenye katoni tu, kwa sababu hapo ndipo shule nyingi hujikwaa.

Kitabu cha kiada kinatoka TET. Cha ziada kinatakiwa kiwe na ithibati, yaani idhini rasmi ya kutumika shuleni, na maneno ya ithibati kwa kawaida yanachapwa kwenye jalada au kurasa za mwanzo. Vya msaada kutoka nje kwa kawaida havina. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto kutumika shuleni, na baadhi ni aina ya vitabu vinavyopatikana kwenye katoni kama hizo. Kwa hiyo usigawe kwanza ukauliza baadaye. Orodhesha kila kimoja: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya nakala. Mwalimu mkuu apeleke orodha kwa Afisa Elimu kupitia kwa Afisa Elimu Kata, na umwonyeshe Mthibiti Ubora wa Shule vitabu vyenyewe. Vikikubaliwa ndipo vigongwe muhuri na kuingia kwenye leja.

Wakati wa kuorodhesha utagundua vingi havifai kwa sababu nyingine kabisa. Atlasi inayoonyesha Sudan moja ni ya kabla ya 2011. Kitabu cha sayansi kinachoitaja Pluto kuwa sayari ya tisa kimepitwa tangu 2006. Na Kiingereza cha aya nzima nzima kwa mtoto wa Darasa la II anayesoma kwa Kiswahili kinamfundisha kwamba kusoma ni kutazama maandishi bila kuelewa. Vitakavyobaki na faida ni vya picha zenye maneno machache au zisizo na maneno. Hivyo mtoto anavisimulia kwa maneno yake.

Mwandikieni aliyetuma. Ashukuriwe, aelezwe wanafunzi ni akina nani na wanasoma kwa lugha gani, na aombwe safari ijayo atume fedha za kununulia vitabu hapa hapa. Wachapishaji wa Kiswahili wapo, kwa mfano Mkuki na Nyota na E&D Vision. Upo pia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, na kazi yake ni hiyo hiyo ya hadithi za Kiswahili kwa watoto wa Tanzania.

FundiKava

Kwa rimu nne una mtaji mzuri, mwalimu. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, bure, zenye leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuchapa na kurekebisha. Ruhusa hiyo ina masharti. Majina ya mwandishi, mchoraji na mfasiri pamoja na aina ya leseni lazima yabaki kwenye kitabu, na ukirekebisha useme umerekebisha. Leseni yenye alama ya NC hairuhusu kuuza. Ukurasa wa mwisho wenye maelezo hayo watu huukata ili kubana karatasi, usiukate.

Chagua za kiwango cha kwanza na cha pili: sentensi moja hadi tatu kwa ukurasa. Soma kila neno kabla ya kuchapa. Tafsiri nyingine zimefanyika Kenya, utakuta matatu, githeri na sukuma wiki. Matatu igeuze daladala, kwa kuwa kitu chenyewe ni kile kile. Githeri iache, uandike chini ni chakula cha mahindi na maharage, maana hiyo ni dirisha.

Hesabu ya karatasi: kitabu cha kurasa 16 za A5 kinatumia karatasi nne za A4, pande zote mbili. Rimu ya karatasi 500 inatoa nakala 125 ukiwa huharibu, weka 115. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, zikizidi moja tu umeongeza karatasi nzima. Kama programu ya kuchapia haina chaguo la kijitabu, panga mwenyewe hivi: karatasi ya nje ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 nyuma yake, inayofuata 14 na 3, nyuma 4 na 13, kisha 12 na 5, nyuma 6 na 11, ya katikati 10 na 7, nyuma 8 na 9. Karatasi igeuzwe kwa ubavu mfupi. Ukigeuza kwa ubavu mrefu, nyuma inatoka kichwa chini, na rimu nzima imeharibika kwa kosa hilo moja. Chapa nakala moja, ikunje, isome hadi mwisho, ndipo uendelee.

Sasa jambo ambalo kwa mada hii ni kubwa kuliko yote. Printa ya nyeusi na nyeupe inawaharibu watoto weusi. Picha ya rangi ikipita humo, uso wenye rangi ya kahawia unakuwa doa jeusi lisilo na macho wala tabasamu. Mmetafuta kitabu ili mtoto ajione, halafu anachokiona ni kivuli. Chagua hadithi zilizochorwa kwa mistari, au ongeza mwangaza wa picha kabla ya kuchapa, na kwenye nakala ya majaribio tazama nyuso kwanza, maandishi baadaye. Uso usiosomeka, hadithi hiyo iache hata kama ni nzuri.

Kava weka manila. Usitegemee selotepu. Kwa ukavu wa Dodoma inakakamaa, inageuka njano na kubanduka, na pini za stepla zinachana karatasi ya katikati. Shona kwa sindano na uzi mnene, matundu matatu kwenye mkunjo. Anza tundu la katikati kutokea ndani, toka nje, ingia la juu, pita ndani moja kwa moja hadi la chini, toka nje, rudi ndani kupitia la katikati, kisha funga ncha mbili za uzi zikiubana ule mrefu unaopita ndani. Wanafunzi wa Darasa la VI wanaweza kufanya kazi hii.

NuktaSita

Mwalimu ameuliza kuhusu mtoto asiyeona, nami nashukuru, kwa sababu mara nyingi swali hilo huulizwa mwisho, vitabu vikishagawiwa.

Kosa la kwanza ni kumtafutia kitabu chake cha peke yake akisomee pembeni. Asome kile kile wanachosoma wenzake. Hadithi ya kurasa 16 yenye maneno 30 kwa ukurasa ni maneno 480, kama herufi na nafasi 3,100. Kwa mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole), karatasi ya A4 inabeba takribani seli 30, yaani nafasi za herufi, kwa mstari na mistari 26, kwa hiyo hadithi nzima ni kurasa nne au tano za nukta nundu. Ni kazi ya asubuhi moja kwa anayeijua mashine. Kama shule haina mashine wala mwalimu wa nukta nundu, Shule ya Wasioona Buigiri iko Chamwino na ipo tangu 1950. Andikeni barua rasmi kupitia kwa Afisa Elimu Maalumu wa wilaya kuomba ushirikiano. Karatasi iwe nene, gramu 120 kwenda juu. Ya kawaida nukta zinalala baada ya vidole kupita mara chache.

Njia nzuri zaidi kwa darasa lenu: andika nukta nundu kwenye plastiki angavu nyembamba, ile inayowekwa juu ya ripoti zikifungwa, kisha ishonee ndani ya kitabu cha kawaida juu ya maandishi yanayolingana nayo. Mtoto asiyeona na jirani yake wanashika kitabu kimoja na kusoma pamoja. Plastiki nene inakwama kwenye mashine, jaribu kipande kwanza. Kitabu hicho kisimamishwe rafuni. Kikilazwa chini ya vingine, uzito unazifuta nukta.

Kila picha iandikiwe sentensi moja au mbili za maelezo, zisomwe na jirani yake: “Bibi ameketi mbele ya tembe, anachambua mlenda.” Picha za kugusa zifanye chache, kitu kimoja kwa ukurasa, kwa uzi na gundi au mchanga. Kupandisha mistari yote ya mchoro ni kumchanganya, maana kidole hakisomi mandhari kama jicho linavyosoma.

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga unawaumiza. Kijitabu cha A5 ukikikuza kwenda A4 ni asilimia 141, herufi za ukubwa wa 14 zinafika kama 20. Hilo mara nyingi linatosha na halihitaji mashine maalumu. Karatasi isiwe ya kung'aa. Laminesheni inaonekana kuwa ulinzi mzuri, lakini kwao inarudisha mwanga wa dirisha machoni, hivyo nakala zao zisilaminishwe. Maandishi yasipite juu ya picha. Wakae mbali na jua la dirisha, na waruhusiwe kukisogeza kitabu hadi puani bila mtu kuwakemea. Na kwenye hadithi wenyewe ni watu wenye ualbino. Lile neno la zamani la dharau likitokea kwenye kitabu, kitabu hicho kitoke.

Kwa kiziwi, maneno mapya ya hadithi yaonyeshwe kwanza kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, matano au sita, darasa zima lifundishwe na si yeye tu. Mwalimu asisome huku amekipandisha kitabu usoni, wala asisimame dirisha likiwa nyuma yake, maana uso unakuwa giza.

ZezeNaMarimba

Wakuu wamesema vya kuchapa. Nami naongeza vya kuandika, kwa sababu mtandaoni hutapata hadithi ya Chemba.

Mwalimu, waite wazee kupitia kwa kamati ya shule. Bibi mmoja wa Kirangi, mzee mmoja wa Kisandawe, mmoja wa Kigogo, mmoja wa Kibarbaig. Wasimulie kwa lugha zao, mtu anayeijua lugha atafsiri, nanyi muandike kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya kufundishia. Rekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa, na jina la msimuliaji liandikwe kwenye jalada akikubali. Ngano ya dakika kumi ikipunguzwa kuwa kurasa 16 inabaki tukio moja tu, kwa hiyo chagua tukio, usijaribu kuibana ngano nzima. Majina ya vitu yabaki: tembe, mlenda, uwele, zeze, marimba, ubuyu. Mtoto akikuta “nyumba ya udongo” badala ya tembe, kile kioo kimeshafifia.

Rasimu irudishwe kwa msimuliaji isomwe mbele yake. Hapo ndipo makosa yanapoonekana: vazi la mwanamke wa Kibarbaig kachorwa la Kimasai, tembe kapewa paa la nyasi la mviringo wakati paa lake ni bapa la udongo, ng'ombe wanakamuliwa na mtu asiyestahili. Mchoraji asitoe picha kichwani mwake.

Kuhusu Wasandawe nawaomba uangalifu wa pekee. Kila wakitajwa ni upinde, mizizi na pango. Michoro ya miamba ya Kolo, Kondoa, iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006 na inastahili kitabu chake. Lakini mtoto wa Kisandawe aliyeko darasani leo baba yake analima uwele na kufuga nyuki, na dada yake yuko sekondari. Aandikiwe hadithi ya leo kwanza, ya kale ifuate. Majina yao yenye vidoko, zile sauti za kualisha ulimi, usiyaandike kwa kukisia. Muulize mzazi analiandikaje.

Na vile vya picha zisizo na maneno alivyovitaja LejaNaMuhuri ndivyo ningeanza navyo kwa watoto ambao Kiswahili bado ni kipya. Wasimuliane kwanza kwa lugha ya nyumbani, wawili wawili, kisha Kiswahili. Mtoto anayeonekana mzito, mara nyingi hadithi anayo ila maneno ya Kiswahili ndiyo yamekosekana.

ChakiNyeupe

Ahsanteni sana wakuu. Shikamoo ZezeNaMarimba, nimeelewa. Hesabu ya vitabu inaanza Jumatatu. Limebaki jambo moja: vitabu vyote vinafungiwa kabatini ofisini. Mwalimu mkuu anahofia upotevu na maswali ya wakaguzi. Na kwa watoto 80, vitabu 40 vya kuzungusha vinatosha?

MkutubiMakulu

Vinatosha, mwalimu, vikizungushwa vizuri. Gawa watoto 80 katika makundi kumi ya wanane. Shona mifuko kumi ya turubai au ya viroba vya unga. Kila mfuko uwe na vitabu vinne vya majina tofauti, watoto wawili kwa kitabu. Kila Ijumaa mfuko unahamia kundi linalofuata. Kwa wiki kumi kila mtoto atakuwa amekutana na vitabu 40, na ndani ya mwaka mnaweza kurudia mzunguko wakati wanasoma vizuri zaidi. Kila mfuko uwe na kioo angalau kimoja na dirisha angalau moja. Ukiviweka vioo vyote mfuko mmoja, kuna kundi litakaa wiki tisa bila kujiona. Kile chenye plastiki ya nukta nundu kifuate kundi la yule mtoto, na kila wiki kibadilishwe kingine, kwa hiyo andaeni angalau vitatu kabla ya kuanza.

Mwalimu mkuu aelezwe kwa lugha ya leja. Kila kitabu namba, kila mfuko orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko, kiongozi wa kundi anahesabu vinne kabla ya kipindi na vinne kabla ya kengele. Kilichochanika kinaingia kwenye leja kama kichakavu na kinakwenda kushonwa. Kilichopotea kinaandikwa tarehe na maelezo. Mzazi asitozwe. Siku ya kwanza mtoto akitozwa, kesho yake wenzake wote watakataa kushika vitabu, na wa kwanza kukataa ni wale wa kaya maskini.

Kipindi kiwekwe kwenye ratiba, dakika 20 mara tatu kwa wiki, asubuhi. Kisiwekwe mwisho wa siku, kwa sababu hapo huliwa na usafi.

Usiku mifuko itundikwe kwenye kamba au misumari, sentimita 30 kutoka sakafuni na isiguse ukuta. Mchwa wa huku wanapanda ukutani kimya kimya, unawagundua siku kitabu kinapobaki jalada tu. Kabati likiwepo, miguu yake iwekwe kwenye makopo yenye oili chafu na livutwe mbali na ukuta. Kuanzia Julai upepo wa vumbi ukianza, midomo ya mifuko ifungwe kwa kamba, na vitabu vifutwe kwa kitambaa kikavu. Cha maji kinageuza vumbi kuwa tope kwenye kurasa.